Jedwali tupu lina historia ndefu

Kama unatumia R, huenda umeshaandika data.frame(matrix(nrow = 0, ncol = 200)). Papo hapo unapata jedwali lenye safu 200 na mistari sifuri. Halina kitu, eti? Ngoja kwanza.

Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa mashine za Herman Hollerith. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na kila tundu lilikuwa jibu: umri, jinsia, alikozaliwa. Kabla karani hajatoboa kadi hata moja, ilishaamuliwa kila jibu litakaa wapi. Swali lililokosa nafasi kwenye kadi, mashine isingeweza kulihesabu.

Mwaka 1928 IBM ikaleta kadi ya safu 80, kila safu herufi au tarakimu moja. Themanini tu! Jina, anwani, tarehe, vyote vibanane humo. Kubana nafasi namna hiyo kukawazoesha watu kuandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1965 ikawa 65. Desturi ikahamia kwenye kompyuta, ambako nafasi ya kuhifadhi nayo ilikuwa ghali. Ilipokaribia 2000, serikali na makampuni yakatumia fedha nyingi kurekebisha programu ambazo zingedhani 00 ni 1900.

Sasa rudi kwenye jedwali lako. Fremu ya data ilielezwa mwaka 1992 katika kitabu cha lugha ya S, iliyozaliwa Bell Labs. Ross Ihaka na Robert Gentleman, wakiwa Auckland, New Zealand, wakaijenga R kwa kufuata S. Kikomo cha 80 kikafa, ila uamuzi wa mwanzo haukufa. Zile safu zako 200 R imezipa zote aina moja, ya TRUE na FALSE, kwa sababu hukuiambia lolote.

Basi iambie:

data.frame(jina = character(), umri = integer(), simu = character())

Kwa nini simu iwe maandishi? Kwa sababu ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea: 0712 inakuwa 712. Namba za wagonjwa zikiwa na urefu tofauti, hutajua tena ipi ilikuwa na sifuri na ipi haikuwa nayo.

Kwa hiyo safu zikiwa nyingi, andika kwanza orodha ya majina na aina zake, kisha tengeneza jedwali kutoka kwenye orodha hiyo. Fanya hivyo kabla ya data kuingia. Ikishaingia vibaya, kuna makosa ambayo huwezi kuyarudisha nyuma.