Haki za wapenzi wa jinsia moja: mtoto akiuliza, ajibiweje?

Mwaka 2023, habari za sheria ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja zilitangazwa mara kwa mara redioni. Watoto nao husikiliza redio. Mtoto anapouliza maana ya habari hizo, wazazi wengi hunyamaza au humkaripia. Yafuatayo ni mambo ya msingi anayoweza kuelezwa.

Ni nani wanaozungumziwa?

Herufi LGBT zinazotajwa katika habari hujumuisha watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, wanaopenda watu wa jinsia zote mbili, na wale wasiojitambua kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Mtoto mdogo atosheke na hayo. Maelezo ya ngono si ya umri wake. Akiuliza kama ni ugonjwa, aambiwe kwamba Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990.

Kwa nini sheria za majirani hazifanani?

Sababu kubwa ni historia. Mwaka 1860, Uingereza iliweka kifungu cha adhabu katika sheria ya jinai ya India, kisha vifungu vya aina hiyo vikaenea katika makoloni yake, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanganyika. Ufaransa ilikuwa imefuta kosa hilo mwaka 1791, na Ubelgiji ikafuata mkondo huo. Ndiyo maana Kongo na Rwanda hazikurithi kifungu hicho. Burundi nayo haikuwa nacho hadi mwaka 2009, ilipoweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2.

Leo, nchini Kenya adhabu inaweza kufikia kifungo cha miaka 14, na nchini Tanzania kifungo cha maisha. Uganda imeweka kifungo cha maisha, na hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mwezi Aprili 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo, lakini ilifuta kifungu kilichowalazimisha raia kuwaripoti watuhumiwa.

Kwingineko hali ikoje?

Afrika Kusini inakataza ubaguzi huo katika katiba yake ya mwaka 1996, na tangu mwaka 2006 inaruhusu ndoa za jinsia moja. Uholanzi iliziruhusu kabla ya nchi zote, mwaka 2001. Msumbiji ilifuta adhabu mwaka 2015. Hata hivyo, zaidi ya nchi 60 duniani bado zinaadhibu mapenzi hayo.

Mtoto abaki na lipi?

Aelewe kwamba sheria hutungwa na watu, na watu huweza kuzibadilisha, kuzikaza au kuzilegeza. Familia na dini pia zina misimamo yao, na mzazi anaweza kumweleza mwanawe msimamo wake. Lakini nchi zote zilizotajwa hapa zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 19 kinataka kila mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili. Kwa hiyo, mwanafunzi anayepigwa au kudhihakiwa kwa sababu ya sauti yake, mwendo wake au maisha ya ndugu yake anastahili kulindwa na mwalimu, iwe Kampala, Kigali au Bujumbura. Na mtoto aliyeshuhudia hayo ajue kwamba akimweleza mtu mzima anayemwamini, hajafanya kosa.