Mgeni Aliyeomba Jembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Msomaji, methali hii umeisikia mara nyingi, na labda umeicheka, maana inamsuta mgeni akaaye kula tu. Lakini je, umepata kusikia habari za mgeni aliyevuka bahari kwa nia ya kuomba jembe mwenyewe, wala hakungoja siku ya tatu? Wageni wa namna hiyo walikuwako, na habari zao zafaa kusomwa. Tena zafaa kupimwa, kwa kuwa ndani yake mna swali gumu: katika ziara kama hizo, afaidiye ni nani, mgeni au mwenyeji?

Habari zenyewe zaanza na mtu mmoja, James Herman Robinson. Alizaliwa mwaka 1907 mjini Knoxville, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, katika jamaa maskini ya watu weusi. Zama hizo sheria za kusini zilimtenga mweusi na mweupe shuleni, garini, na hata mezani pa kulia. Robinson alikua akiionja dharau hiyo kila siku. Walakini alishikilia masomo, akahitimu elimu ya dini mjini New York mwaka 1938, na mwaka huo huo akawa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri katika mtaa wa Harlem. Huko hakutosheka na mimbari. Aliwafungulia watu wa mtaa nyumba ya jumuiya, kisha akaanzisha kambi katika mashamba ya New Hampshire. Watoto wa Harlem walipata kupunga hewa huko, nao vijana wa vyuo, weusi kwa weupe, walikwenda kuwatumikia.

Katika miaka ya 1950 Robinson alizuru Afrika, akaona mambo mawili. La kwanza, mataifa ya Afrika yalikuwa karibu kujitawala, wala hayakutaka tena kusemeshwa kama watoto. La pili, vijana wa Marekani hawakuijua Afrika ila kwa hadithi za porini. Akawaza hivi: kama vijana hao wangekuja, si kuwa mabwana wala waalimu, bali kushika koleo pamoja na Waafrika wa rika lao, huenda pande zote mbili zingefumbuka macho.

Basi mwaka 1958 safari ya kwanza ya Operation Crossroads Africa ilifunga mizigo. Vijana wapatao 60 walikwenda Afrika ya Magharibi: Ghana, iliyokuwa imepata uhuru mwaka uliotangulia, Liberia, Nigeria, Sierra Leone na Kameruni. Walisafiri wakati wa likizo ndefu, wakakaa majuma machache tu. Walichanganyika weusi na weupe, tena wa madhehebu mbalimbali. Kazi yao ilikuwa ya mikono: kuchimba misingi, kuchanganya saruji, kupanga matofali, bega kwa bega na wanafunzi wa Kiafrika na watu wa kijiji.

Usilipite neno hilo la kuchanganyika, msomaji. Mwaka 1957, yaani mwaka mmoja tu kabla ya safari hiyo, huko Little Rock katika jimbo la Arkansas, serikali ya Marekani ililazimika kupeleka askari ili wanafunzi 9 weusi wapate kuingia shule ya sekondari pamoja na weupe. Kumbe vijana ambao katika sehemu nyingine za nchi yao wasingaliruhusiwa kukaa darasa moja, walikuja Afrika wakalala kambi moja, wakala chungu kimoja, wakabeba karai moja la zege.

Sasa turudie swali letu. Mtu mwenye busara aweza kuuliza, "Kijana asiyepata kushika mwiko wa kuashia atajenga nini kwa majuma machache? Je, nauli yake isingalinunua mifuko mingi ya saruji, na mafundi wa kijijini wakafanya kazi iliyo bora?" Hilo ni swali la haki, wala halifai kufichwa. Mwandishi mmoja Mmarekani, Harold Isaacs, aliyewachunguza wasafiri hao, alitoa kitabu mwaka 1961, akakiita Emergent Americans. Kwa jina lake tu utaona kwamba waliotazamwa humo ni Wamarekani wenyewe, jinsi safari ilivyowageuza. Basi tukubali kwamba mgeni alifaidiwa sana, na pengine kumpita mwenyeji.

Lakini faida ya mgeni si wizi, mradi mambo matatu yatimizwe. Kwanza, kazi iwe imechaguliwa na wenyeji, si na mgeni. Pili, wenyeji nao wawepo kazini, wasiwe watazamaji. Tatu, kazi iweze kuendelea mgeni akiisha ondoka. Maana darasa lisilo na mwalimu ni ghala tupu. Sisi wa Kenya twalijua jambo hili bila kufundishwa. Mwaka 1963, Jomo Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa wito wa taifa, vijiji vingi vilijijengea shule kwa mikono yao. Mgeni aliyekuta watu wamekwisha anza kazi alikuwa msaidizi. Aliyekuta watu wamekaa kumngoja aligeuka bwana, hata kama hakutaka.

Mbegu ya Robinson haikupotea. Mwaka 1961 Rais John Kennedy aliunda Peace Corps, na wengi katika watu wake walifundisha katika shule za Afrika, Kenya ikiwamo. Mwaka 1962 Kennedy aliwapokea vijana wa Robinson katika Ikulu yake, akakiri kuwa wao ndio waliotangulia. Robinson alifariki mwaka 1972.

Nawe, msomaji, huenda siku moja ukatumwa kwenda kuwatumikia watu wa mbali, kwa jina la kanisa lako au la shule yako. Siku hiyo ikifika, omba jembe mapema. Lakini kabla hujalitia ardhini, muulize mwenye shamba anataka kupanda nini.