Neno “Au” Lililobatilisha Hataza

Wengi hudhani kwamba mtaalamu akiisha kutoa ushahidi mahakamani, jaji hana la kuongeza. Historia ya rangi ya majenta yanifunza vingine.

Mnamo Januari 1860, mkemia Henry Medlock aliomba hataza nchini Uingereza ya kutengeneza rangi hiyo nyekundu kwa kuoksidisha anilini, zao la lami ya makaa ya mawe, kwa asidi ya aseniki. Kampuni ya Simpson, Maule na Nicholson ya London iliinunua hataza hiyo, kisha ikamshtaki Read Holliday, mtengenezaji wa Huddersfield, kwa kuikiuka.

Maelezo ya Medlock yalisema mchanganyiko uachwe kwa muda, au kazi iharakishwe kwa kuupasha moto hadi karibu na kuchemka. Sayansi ilikuwa na jibu lake: bila moto, rangi haipatikani. Swali lililobaki halikuwa la kikemia. Je, “au” ilitaja njia mbili, na mojawapo haifai? Wadai walijitetea kwamba fundi hodari asingepotea.

Mwaka 1864 Lord Westbury aliukataa utetezi huo. Alitofautisha kosa ambalo fundi huling’amua mara asomapo na lile ambalo hulitambua baada tu ya kujaribu na kushindwa. La kwanza lasameheka. La pili huiangusha hataza. Mwaka 1866 Baraza la Malodi lilishikilia uamuzi wake.

Wapo wauonao uamuzi huu kuwa ni ubishi wa maneno. Mimi nauona kuwa ni haki. Hataza ni mapatano: umma humpa mvumbuzi ukiritimba wa muda, naye hulipa kwa maelezo ya kweli. Ujuzi wa shahidi hauwezi kulipa deni hilo baadaye.

Ufaransa, chini ya sheria ya 1844, mahakama ziliwapa Renard Frères wa Lyon haki juu ya rangi yenyewe, hata ikitengenezwa kwa njia bora kuliko yao. Baadhi ya wakemia na watengenezaji wakahamia Basel, Uswisi, nchi ambayo haikuwa na sheria ya hataza hadi 1888. Ukiritimba uliozidi ahadi yake uliwafukuza mafundi.

Mtaalamu na atueleze moto hufanya nini. Lakini maandishi yaliyokabidhiwa umma sharti yapimwe kwa yale yanayosema, si kwa yale ambayo bingwa angeweza kuyakisia.