PADRI ALIYEKATAA KUMTUMIA PAPA HOJA YAKE



Wewe unayesambaza kila ujumbe usemao "sayansi imethibitisha Qur'an", tulia kidogo usome kisa hiki.

Mwaka 1948, Fred Hoyle na wenzake wawili huko Uingereza walisema ulimwengu hauna mwanzo. Unatanuka, ndiyo, lakini maada mpya hutokea kidogo kidogo kujaza nafasi, kwa hiyo umekuwa hivi hivi daima. Mwaka huo huo, Marekani, Ralph Alpher na Robert Herman wakapiga hesabu: ikiwa ulimwengu ulianza na joto kali, basi mabaki ya joto hilo yapo mpaka leo, yamepoa hadi nyuzi 5 hivi juu ya sifuri kamili, yaani baridi isiyo na baridi zaidi yake.

Umeona? Sasa hayakuwa maneno matupu tena, kulikuwa na kitu cha kupima. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyekwenda kukitafuta!

Mwaka 1964, huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa mfano wa pembe. Ikawaletea mvumo usiokwisha, usiku na mchana, kutoka kila upande wa anga. Wakadhani chombo kina kasoro. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani. Wakawaondoa, wakasugua mavi yao. Mvumo uko pale pale. Wataalamu wa Princeton, waliokuwa wakiandaa chombo cha kuyatafuta mabaki hayo, ndio waliowaeleza wamepata nini. Kipimo kilichotangazwa mwaka 1965 kilikuwa nyuzi 3.5.

Hoyle hakukubali hadi alipofariki mwaka 2001. Wengi wengine walikubali.

Sasa rudi nyuma hadi 1951, kabla ya kipimo hicho. Papa Pius XII alihutubia akiihusisha nadharia ya mwanzo na uumbaji. Aliyeiasisi, Georges Lemaître, alikuwa padri wa Kanisa hilo hilo. Ungedhani angefurahi. Hakufurahi. Kwake, nadharia ya fizikia ihukumiwe kwa vipimo, dini isiwekwe rehani humo.

Nakuuliza wewe mwenye simu mkononi: antena ile ingekaa kimya, ungemwambia nini kijana uliyemwambia aamini kwa sababu ya nadharia?

Lemaître aliletewa habari za mvumo ule akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966.