Abdallah at-Tarjuman: Mtawa wa Mallorca na Swali la Neno Moja

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa watu wanaobisha hodi kwa maimamu wetu wamo Wakatoliki walioanza kujiuliza juu ya dini waliyozaliwa nayo. Wengine wamesoma, wengine wamesikia mihadhara viwanjani, wengine wanataka kuoa au kuolewa. Yupo imamu anayemtamkisha mgeni shahada kabla hajamaliza swali lake, na yupo anayemshuku papo hapo kwamba amefuata maslahi. Tumeona ni vyema tuitazame habari ya mtu mmoja aliyepita njia hiyo zaidi ya miaka 600 iliyopita, akaiandika kwa Kiarabu. Tutaieleza, kisha tutaipima, kwani habari kutupendeza hakuiondolei haki ya kupimwa.

Malezi na masomo yake

Anselm Turmeda alizaliwa katikati ya karne ya 14 katika kisiwa cha Mallorca, kwenye Bahari ya Kati. Kisiwa hicho kilikuwa mikononi mwa Waislamu hadi mwaka 1229, kilipotekwa na mfalme wa Aragon. Turmeda alifundishwa Injili tangu udogoni, akaenda kusoma katika mji wa Lleida, kisha Bologna, Italia, uliokuwa mmoja wa miji mikubwa ya elimu Ulaya. Alikuwa mtawa wa shirika la Wafransisko.

Zama zake zilikuwa za msukosuko. Mwaka 1378 Kanisa Katoliki liligawanyika, papa mmoja akikaa Roma na mwingine Avignon, kila mmoja akidai kuwa ndiye wa haki. Mpasuko huo haukuzibwa mpaka mwaka 1417. Hatusemi kuwa ndio uliomtoa Turmeda katika dini yake, kwani yeye hakusema hivyo. Tunautaja ili msomaji ajue kuwa siku zile hata wanavyuoni wa Kanisa walikuwa na maswali mazito.

Neno lililomsimamisha

Anaeleza Turmeda katika kitabu chake *Tuhfat al-Arib* kuwa huko Bologna aliishi na kasisi mzee, mwanachuoni mkubwa, akamtumikia kwa miaka mingi. Siku moja mzee huyo aliugua, wanafunzi wakakaa peke yao wakajadiliana juu ya neno Parakleto lililomo katika Injili ya Yohana, mlango wa 14 hadi wa 16, ambalo Biblia ya Kiswahili imelifasiri kuwa Msaidizi. Kila mmoja akatoa rai yake, wasiafikiane. Turmeda aliporudi alimsimulia mwalimu wake, kisha akamsihi amwambie ukweli. Mzee akalia, akamwambia kuwa neno lile ni jina miongoni mwa majina ya Mtume wa Waislamu, na kwamba wokovu umo katika dini yake.

Turmeda akamuuliza: kama ni hivyo, mbona wewe umebaki? Mzee akajibu kwa udhuru wa uzee, cheo na hofu ya kuuawa. Akampa nauli, akamuusia asimtaje kwa mtu.

Mbele ya Sultani

Turmeda alipitia kwao Mallorca, kisha Sicily, akafika Tunis wakati wa Sultani Abul-Abbas Ahmad wa ukoo wa Hafsi, aliyetawala kuanzia mwaka 1370 hadi 1394. Tabibu wa Sultani, aliyeijua lugha ya Wazungu, alimwingiza ikulu.

Kabla ya kutamka shahada aliomba jambo moja: wafanyabiashara wa Kikristo waliokuwa mjini waitwe, waulizwe juu yake, naye awe amejificha. Alijua kuwa mtu akitoka katika dini yao watamtia ila. Wakaitwa, wakamsifu kwa elimu na uchaji. Hapo akatokeza, akashuhudia. Wakageuza maneno, wakasema hakutaka ila kuoa. Mwanafunzi wa Sira atakumbuka kisa cha Abdullah bin Salam (r.a.) huko Madina, aliyemwomba Mtume (s.a.w.) awaulize Mayahudi juu yake kabla hawajajua kuwa amesilimu.

Turmeda akawa Abdallah. Alioa, akapata mtoto, akawekwa katika idara ya forodha ya bandari, alikojifunza Kiarabu kwa kuwafasiria Waislamu na wafanyabiashara wa Ulaya. Ndipo akaitwa at-Tarjuman, yaani mkalimani.

Kupima habari

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanajua kuuliza: nani kapokea, kutoka kwa nani, na je, anaye wa kumuunga mkono? Tukiitumia mizani hiyo tunapata mafungu mawili.

Fungu la kwanza lina ushahidi wa nje. Kwamba Turmeda aliishi Tunis akiitwa Abdallah, hilo halina shaka. Mwaka 1423 Mfalme Alfonso V wa Aragon alimpa hati ya usalama wa kusafiri ili aweze kurudi. Hata hivyo kaburi lake linajulikana Tunis, katika soko la watengeneza matandiko ya farasi.

Fungu la pili ni kisa cha kasisi mzee. Hiki tunacho kwa ulimi wa Turmeda peke yake, naye alikiandika mwaka 823 Hijria, sawa na 1420, zaidi ya miaka 30 baada ya tukio. Ni khabari ya mtu mmoja. Yafaa kusimuliwa kwa sharti tuseme ni yake, wala haifai kuwekwa mbele ya Mkristo kama hoja ya kumfunga.

Na lipo jambo zito zaidi. Turmeda hakuacha kuandika kwa Kikatalani. Mwaka 1398 alitunga kitabu cha maonyo kwa Wakristo, ambacho watoto wa Catalonia walikisoma shuleni kwa karne nyingi. Mwaka 1417 alitunga kingine, mabishano baina yake na punda kuhusu nani bora, mwanadamu au mnyama. Mtafiti wa Kihispania Miguel Asín Palacios alibainisha mwaka 1914 kuwa kimechukua mengi kutoka katika Rasail za Ikhwan as-Safa. Lakini mwishoni mwanadamu anashinda kwa hoja kwamba Mungu alitwaa mwili wa mtu. Miaka mitatu baadaye, katika *Tuhfa*, itikadi hiyo hiyo aliibatilisha, pamoja na Utatu, ubatizo, Ekaristi na maungamo kwa padri.

Wapo wanahistoria waliosema alikuwa mtu wa nyuso mbili. Wengine wakasema alizungumza na kila watu kwa lugha wanayoifahamu. Wengine walitia shaka kama *Tuhfa* yote ni ya mkono wake.

Fiqhi inasema nini?

Historia ikifika hapo husimama, na fiqhi ina neno. Hukumu yetu ni juu ya dhahiri, na siri ni za Mwenyezi Mungu. Usama bin Zayd (r.a.) alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akatoa udhuru kuwa aliitamka kwa kuogopa silaha, Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wake. Basi Abdallah tunamhesabu Muislamu kwa dhahiri yake: alishuhudia mbele ya watu, akaishi na Waislamu na kuzikwa kwao. Kinachobaki hatukukalifishwa kukichimbua.

Kwa maimamu na wanafunzi

Ndugu msomaji, tunachukua mambo matatu.

Kwanza, mwenye swali apewe jibu la elimu. Kuhusu Parakleto, Ibn Ishaq katika Sira yake amelihusisha tamko hilo na Mtume (s.a.w.), na wanavyuoni wengi wamelinasibisha na aya ya sita ya Suratus-Saff. Lakini dai la kwamba Injili ya Kiyunani iliandika neno jingine lenye maana ya "msifiwa" halina nakala ya kale ya kulithibitisha. Anayelitoa kiwanjani kama jambo lililokwisha kuthibiti atakuja kuulizwa na mjuzi, na aibu itaipata da'wa.

Pili, asiharakishwe wala asilazimishwe. Suratul-Baqara, aya ya 256, imelikata jambo hilo. Turmeda alisoma kwa miaka mingi kabla ya kuvuka bahari.

Tatu, akishatamka asitiliwe shaka. Wale wafanyabiashara wa Tunis walimsifu asubuhi na kumtukana jioni kwa sababu moja tu. Ikiwa sisi nasi tutamwambia aliyesilimu kuwa amefuata mke au kazi, tutakuwa tumeyachukua maneno yao.

Ukweli wa Uislamu hausimami juu ya Turmeda wala hauanguki kwa ajili yake. Ndiyo maana tunaweza kuisimulia habari yake yote, iliyo wazi na iliyo ngumu, bila hofu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na wanaotafuta haki, na atujaalie ukweli katika kusema. Wallahu a'lam.