Kujiuzulu na Kuuzuliwa: Kisa cha Jaji Humphreys, 1862

Kitenzi uzulu, chenye asili ya Kiarabu, kina maana ya kumwondoa mtu katika cheo. Tukikitia kiambishi rejeshi -ji- twapata jiuzulu, yaani mtu kujiondoa mwenyewe. Umbo hili la pili limeenea mno hata wasemaji wengi hawatambui tena kuwa ndani yake mna kitenzi kingine. Hata hivyo, tofauti ya maumbo haya mawili ndiyo inayotuelezea vyema kesi ya West Humphreys.

Rais Franklin Pierce alimteua mwaka 1853 kuwa jaji wa serikali kuu katika jimbo la Tennessee. Desemba 1860, mjini Nashville, Humphreys alitetea hadharani haki ya majimbo kujitenga. Wenzake wa Kusini walijiuzulu: Andrew Magrath wa South Carolina mwezi Novemba 1860, na John Campbell wa Mahakama ya Juu mwaka 1861. Humphreys alipokea ujaji wa dola iliyojitenga bila ya kuuacha ule wa kwanza.

Katiba ya Marekani humwacha jaji kitini maadamu mwenendo wake ni mwema. Rais hana mamlaka ya kumfukuza. Kwa hiyo jeshi la Kaskazini lilipoingia Nashville Februari 1862, kiti kilikuwa kitupu machoni, lakini kisheria kilikuwa na mwenyewe. Baraza la Wawakilishi likamfungulia mashtaka yenye vifungu saba. Hakutokea wala hakutuma wakili. Tarehe 26 Juni 1862 Seneti ilimtia hatiani, na katika kifungu cha kwanza, kilichohusu hotuba ile ya Nashville, kura zilikuwa 39 kwa 0. Wala tusisahau kwamba hotuba yenyewe ilitolewa kabla ya vita kuanza.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni shtaka lililoanguka. Alidaiwa kutaifisha mali ya Andrew Johnson na ya Jaji John Catron. Maseneta 24 walilikataa, 12 wakalikubali. Vita vilikuwa vimepamba moto, mshtakiwa hayupo, mtetezi hana, na bado kila tuhuma ilipigiwa kura yake. Kumwondoa nako kulipigiwa kura mbali na kumzuia asishike tena wadhifa wa serikali kuu.

Mwezi uliofuata Rais Lincoln alimweka Connally Trigg katika kiti hicho. Humphreys alirejea katika uwakili, akafariki mwaka 1882.