Tundu dogo la mwaka 1965

Mimi ni mutu wa agronomia, lakini leo naleta historia ya informatiki. Sababu iko: mudogo wangu alipata sufuri kwa TP ya kompilateri, na tulikesha pamoja usiku mzima tukitafuta kosa iko fasi gani.

Kompilateri inageuza programu kuwa maagizo madogo ya mashini. Za zamani zilitafsiri sentensi moja moja, njo maana zilikuwa zinarudilia kazi. Mwaka 1965 William McKeeman, wa Stanford kule Marekani, alitoa makala fupi katika jarida Communications of the ACM. Wazo lake: usipime programu nzima. Chungulia maagizo machache tu, kama kwa tundu la mlango, ondoa yenye haina faida, songa mbele.

Mfano wake: X inapokea Y, kisha Z inapokea X kujumlisha Z. Mashini inachukua Y, inaiweka kwa X, halafu inachukua tena X. Ya nini? Namba ingali mkononi! Agizo la tatu linafutwa.

Mudogo aliingiza sheria hiyo vile ilivyo: kila "weka X" ikifuatwa na "chukua X", futa ya pili. Programu ikaanguka.

Shida njo hii. Katika mfano wa 1965, mashini iko na akumulateri: ukiweka namba kwa memwari, nakala inabakia ndani yake. Lakini baitikodi, kama ya Java iliyotoka 1995, inatumia lundo, sahani juu ya sahani. "Weka" inaondoa sahani ya juu. Ukifuta "chukua", agizo linalofuata linakosa namba yake. Dawa: rudufu kwanza sahani ya juu, kisha weka. Maagizo yanabakia mawili, lakini hausomi tena memwari. Tena hakikisha hakuna agizo la kuruka linaloangukia katikati ya yale mawili.

Shambani tunajua hiyo. Kipimo cha mbolea cha udongo wa volkano, ukikipeleka kwa udongo wa mchanga, utalia.

McKeeman hakukosea. Sheria yake ilizaliwa na mashini yake. Mwanafunzi, mbele ya kukopia sheria ya wakubwa, uliza kwanza: ilizaliwa kwa udongo gani?

Mudogo amerudisha TP juzi. Sasa inatembea. Tunangojea alama.